Mtamba wa Mkopo: Miaka 40 ya Mpango wa Ng'ombe wa Maziwa Mkoani Tanga na Mizizi Yake katika Milima ya Usambara

Mwaka 1985 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Serikali ya Uholanzi, ilianzisha mkoani Tanga mpango wa kuendeleza ufugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa, ambao wafugaji waliufahamu zaidi kwa kanuni yake ya msingi, yaani kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Miaka 40 baadaye mpango huo unastahili kuandikiwa historia yake, na historia hiyo haiwezi kuanza na mwaka 1985 peke yake, kwa kuwa katika Usambara Magharibi, na hasa katika bonde la Mlalo, serikali tatu zilizofuatana zilikwisha kujaribu kuongoza mifugo ya wananchi, kila moja kwa njia yake.

Serikali kugharimia uzalishaji wa mifugo bora ni desturi ya zamani ambayo ilikomaa kwanza katika mambo ya farasi. Ufaransa iliweka vituo vya madume ya farasi vya taifa tangu mwaka 1665, na sheria yake ya tarehe 2 Juni 1891 iliruhusu kamari ya mbio za farasi kwa sharti kwamba vyama vinavyoziendesha viwe na lengo moja tu, kuboresha kizazi cha farasi. Uingereza nayo iliunda mwaka 1961 bodi ya kutoza sehemu ya mapato ya wachezesha kamari na kuirudisha katika mbio, katika uzalishaji na katika utafiti wa tiba ya mifugo. Kenya ilitunga mwaka 1966 sheria ya kusimamia kamari na bahati nasibu kwa leseni, huku mbio zenyewe, zinazofanyika katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, zikibaki chini ya klabu ya Jockey Club of Kenya. Katika mifumo ya Ufaransa na Uingereza fedha hutoka kwa mchezaji, hupita mikononi mwa chombo kilichowekwa na sheria, na humfikia mzalishaji kama motisha, yaani malipo ya kumtia moyo aendelee na kazi ambayo faida yake huchelewa.

Tanganyika haikuwa na farasi wa kutosha kujenga mfumo wa namna hiyo. Ndorobo walieneza nagana katika nyanda za chini, na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, uliua wanyama walioletwa kutoka nje, hata mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi wa Kijerumani, Bronsart von Schellendorff, akajaribu kufuga na kuzalisha pundamilia karibu na Kilimanjaro ili wachukue nafasi ya farasi. Juhudi ya kudumu zaidi ilikuwa ya ng'ombe. Mwaka 1896 serikali ya Kijerumani ilifungua shamba la majaribio huko Kwai, katika milima ya Usambara Magharibi, ili kupima kama mazao na mifugo ya Ulaya ingestawi kwenye baridi ya milima hiyo. Baada ya miaka michache shamba hilo lilikabidhiwa kwa mlowezi, na utafiti wa serikali ukahamia Amani, ambako taasisi ya kilimo ilianzishwa mwaka 1902. Huko Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel walikuwa wamefungua kituo chao mwaka 1891, mwananchi wa Kishambaa hakupata lolote kutokana na shamba la Kwai, na hilo ndilo kosa kubwa la awamu ya kwanza: mbegu bora iliwekwa mahali ambapo mwenye zizi dogo hakuweza kuifikia.

Awamu ya pili ilikuja kwa amri. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mradi wa kurekebisha ardhi ya bonde la Mlalo, ambao baadaye ulipanuliwa kuwa Mradi wa Usambara, ukiwalazimisha wakulima kuchimba matuta, kuacha kulima miteremko mikali na kupunguza uchungaji kwenye vilima. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa na msingi, lakini mzigo wa jembe uliwaangukia watu ambao hawakuulizwa, wanawake wakiwa mstari wa mbele katika kuupinga, na chama cha TANU kilipata hapo wafuasi wengi. Mradi ulikufa kabla ya uhuru.

Awamu ya tatu ilikuja baada ya uhuru: mwaka 1981 ulianza mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo-mseto uliojulikana kama SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani, na uliofanya kazi katika wilaya ya Lushoto, iliko Mlalo, hadi mwaka 2000. Ulipanda mistari ya majani ya guatemala na miti kukingama miteremko, ukahimiza ng'ombe wafungwe bandani na kuletewa malisho, utaratibu unaoitwa ufugaji wa ndani. Jani lililozuia udongo likawa chakula cha ng'ombe, na samadi ikarudi shambani. Kwa mara ya kwanza hifadhi ilimpa mkulima kitu cha kubeba nyumbani siku hiyo hiyo.

Ndani ya mazingira hayo ndipo mkopo wa mtamba unapoeleweka vizuri. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa, na anayetolewa huwa chotara, yaani mzawa wa zebu wa asili na aina ya kigeni kama Friesian, ili apate wingi wa maziwa kwa upande mmoja na uvumilivu wa magonjwa kwa upande mwingine. Kabla ya kumpokea, mfugaji hutakiwa kujenga banda, kupanda malisho na kupata mafunzo, na Chuo cha Mifugo cha Buhuri, karibu na mji wa Tanga, kimekuwa nguzo ya elimu hiyo mkoani. Deni halilipwi kwa fedha bali kwa ndama jike, ambaye hukabidhiwa jirani anayesubiri zamu yake. Huo ndio ubora wa kanuni hii: ruzuku haiishii kwa mtu mmoja, na mdai si ofisi ya mbali bali ni mtu wa kijijini, ambaye kila siku hupita mbele ya banda na kuuliza hali ya ng'ombe. Jirani huyo ni msimamizi mwangalifu kuliko karani yeyote. Hatari haikukosekana, kwa sababu ndigana kali, inayoenezwa na kupe, inaweza kuua chotara kwa siku chache, na ndama dume akizaliwa deni linangoja mwaka mwingine.

Maziwa yalipoongezeka, soko lilihitaji chombo chake. Chama Kikuu cha Ushirika cha wafugaji wa maziwa Tanga, TDCU, kiliundwa mwaka 1993, na mwaka 1996 kikashirikiana na wafugaji wa Uholanzi kuanzisha kampuni ya Tanga Fresh, hivyo mzalishaji akawa na sehemu katika kiwanda kinachonunua maziwa yake. Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa Tanzania, yenye wajibu wa kusajili wadau, kulinda ubora na kuendeleza tasnia.

Upande wa mbegu umekwenda polepole zaidi. Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji kilichoko Usa River, Arusha, huzalisha mbegu za madume yaliyochaguliwa, na uhamilishaji ni kumpandikizia jike mbegu hizo bila dume kuwapo. Lakini mbegu huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na ng'ombe akiingia joto mtaalamu ana saa chache tu za kumfikia. Barabara ya mlimani wakati wa mvua haisubiri hesabu hiyo, ndiyo maana familia nyingi hurudi kwa dume la jirani, na dume hilo hilo likitumika kwa miaka mingi hupanda mabinti zake mwenyewe.

Hapo ndipo historia ya farasi ina la kufundisha. Waingereza walianza kuchapisha kitabu cha nasaba za farasi wa mbio mwaka 1791, na tangu hapo kila motisha imetegemea kujua mnyama ni mtoto wa nani na amefanya nini. Kwa ng'ombe wa Mlalo ndoo ya asubuhi ndiyo uwanja wa mbio, ila matokeo yake mara nyingi hayaandikwi. Mradi wa Maziwa Zaidi, ulioendeshwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI pamoja na washirika wa Tanzania, uliichagua Lushoto kuwa miongoni mwa wilaya zake nne, na tangu mwaka 2016 programu ya kuboresha vizazi vya ng'ombe wa maziwa, inayowahusisha watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya Tanzania, TALIRI, imekuwa ikikusanya kwa simu kumbukumbu za maziwa na uzazi kutoka kwa wafugaji wadogo. Kumbukumbu hizo zikiunganishwa na mkopo wa mtamba, ndama anayepelekwa kwa jirani atafika na jina la mama yake, jina la baba yake na lita alizokamuliwa mama huyo.