Malezi Nje ya Darasa: Mregho, Jembe na Tarumbeta

Sura zilizotangulia zimeeleza habari za majengo ya shule, walimu wake na ongezeko la madarasa. Sura hii yatazama upande ambao daftari la mahudhurio halikuuandika, yaani yale waliyofundishwa watoto wetu baada ya kengele ya mwisho kugongwa. Upande huo una mema mengi. Una pia mambo ambayo kanisa halina budi kuyatazama kwa uaminifu.

Yafaa isemwe mapema kwamba wamisionari wa Leipzig, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, hawakuwakuta watoto wasio na malezi. Vijana wa jando walifundishwa kwa mregho, fimbo iliyochongwa alama, na kila alama ilikuwa na fundisho lake juu ya mwili, wazazi, ndoa na ukoo. Mbali na mregho kulikuwa na mfereji. Mtoto aliyefuatana na baba yake kwenda kuzibua mfereji alijifunza kwamba maji yana zamu, na kwamba asiyekuja na jembe siku ya kazi hana neno la kusema siku ya kugawa maji. Haki na wajibu alivifahamu miguu yake ikiwa ndani ya tope.

Shule za misheni zilileta kitabu na ubao, lakini nazo hazikuishia darasani. Wanafunzi walilima, walibeba mawe na mchanga, walifagia kanisa na kuimba. Wamisionari waliona katika kazi hizo nidhamu ya Kikristo. Wazazi hawakuona hivyo sikuzote. Mtoto aliyetumwa kusoma, kisha akarudi na malengelenge ya mikono badala ya herufi, alizua swali la haki: je, kazi hii inamlea mtoto, au inaisaidia misheni tu? Swali hilo tutalikuta tena mbele.

Aliyelifikiri jambo la malezi kwa kina kuliko wenzake ni Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 na kutumika kwa miaka mingi Old Moshi. Aliyaandika mafunzo ya jando la Wachagga katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Kwake yeye, ukoo, ujirani na rika vilikuwa vifungo ambavyo Mungu mwenyewe ameviweka kati ya watu, na Injili haikuja kuvikata. Kwa hiyo aliichukua desturi ya wenzi wa ngao, waliokuwa wakilindana vitani, akaitia katika kipaimara. Vijana waliungana katika vikundi vidogo, na kila mmoja akawa na dhamana juu ya mwenziwe: kumsaidia kazini, kumwonya anapopotoka, kumtembelea augaponi. Kwa maoni yangu, hakuna somo la maadili lililowahi kubuniwa huku mlimani lililo bora kuliko hilo, kwa sababu kijana hakuambiwa tu kwamba upendo ni mwema, bali alipewa mtu wa kumpenda.

Hata hivyo Gutmann aliushuku mno ustaarabu wa Ulaya, na elimu ya shule pia, akiogopa kwamba vingemtenga mtu na watu wake. Lakini vijana wengi waliitaka elimu hiyo, nao hawakukosea. Kijana aweza kuwa mwaminifu kwa rika lake, na bado akahitaji hesabu na lugha ili asidhulumiwe sokoni wala mahakamani.

Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, na walimu wa Kiafrika wakabaki na mzigo mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, katikati ya miaka hiyo ya ishirini. Mwalimu wa siku zile alifundisha asubuhi, alizuru wagonjwa jioni, na siku ya Jumapili alisimama kuhubiri. Watoto waliofuatana naye kwenda nyumba ya msiba walijifunza jinsi ya kunyamaza na kusikiliza. Hilo halikuwa katika ratiba yoyote.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kuamua juu ya kazi yao na mapato yake. Jambo hili la mwisho ndilo lililosahauliwa upesi zaidi. Miaka miwili baadaye Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za kanisa mikononi mwa serikali. Mashamba ya shule yaliendelea, ila pengi wanafunzi walilima bila kujua mavuno yalikwenda wapi, na wakati mwingine jembe likawa adhabu ya mchelewaji. Kazi inapogeuzwa adhabu, mtoto hujifunza kuichukia, hata kama ukutani kumeandikwa kwamba kazi ni utu.

Kwa kuwa darasa halikuwa lake tena, kanisa lililazimika kulea nje yake. Vipindi vya dini viliendelea shuleni, na katika sekondari UKWATA iliwapa wanafunzi nafasi ya kuongoza ibada na kutunza fedha zao wenyewe. Katika sharika kulikuwa na shule ya Jumapili, kipaimara, kwaya, na tarumbeta, mapokeo tuliyopewa na sharika za Ujerumani. Anayedhani tarumbeta ni mapambo ya sikukuu na aketi siku moja mazoezini. Mpiga besi hungoja, akihesabu kimya, wakati wa sauti ya kwanza wakisifiwa, na akikosa pigo moja wimbo wote hutetereka. Vilevile mnada wa sikukuu ya mavuno: mtoto aliyeleta kuku au mkungu wa ndizi huona kilicho chake kikitolewa mbele ya watu wote, na hesabu ikisomwa hadharani. Mashamba mengi ya shule hayakumpa jambo hilo.

Leo shida ni muda. Ada ya elimu ya msingi ya serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, na madarasa yamejaa. Wengine wamepelekwa shule za bweni wangali wadogo, na mitihani imeleta masomo ya ziada hadi siku ya Jumamosi, iliyokuwa siku ya kipaimara na ya mazoezi. Baadhi ya wazazi huomba mtoto wao aruhusiwe kuja kipaimara wakati wa likizo tu. Baraza la wazee hulazimika kuchagua: ama kufupisha mafundisho, ama kumngoja mtoto mwaka mwingine, ama kumfuata huko huko bwenini.