Neno "Kapewa" na Kiti cha Spika

Jioni moja bwenini kwetu hapa Dodoma tulibishana juu ya Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando iliyotoka mwaka 1982. Mwenzangu alishikilia kuwa nguzo ile haikusimama kwa sababu wanawake hawapendani, basi. Akamalizia: "Hata Spika Makinda yule, kapewa tu!" Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hebu tuitazame historia. Anne Makinda aliingia Bungeni mwaka 1975. Kuanzia 2005 alikuwa Naibu Spika, na mwaka 2010 akachaguliwa kuwa Spika, mwanamke wa kwanza nchini. Hiyo ni miaka 35. Ni kweli kwamba mwaka ule chama tawala kilipendekeza majina ya wanawake watupu, na hapo ndipo watu wanapopata hoja. Lakini jamani, miaka yote chama kilipopendekeza wanaume watupu, nani alisema wamepewa?

Lugha yetu nayo imechangia. Mwaka 1985 wanawake walitengewa viti 15 Bungeni, na tangu 2005 Katiba inataka wasipungue asilimia 30 ya wabunge. Mlango ulifunguliwa, ila wanaoupitia wakabandikwa jina la "viti maalum", ambalo mitaani hutamkwa kwa kubeza, kana kwamba viti vingine ni vya kawaida kwa kuwa vilizoea wanaume.

Kwa maoni yangu, mwenzangu alikosea mara mbili, na kosa ni lilelile. Katika tamthilia aliona ugomvi wa wanawake, akairuka mizigo yao ya nyumbani. Kwa Makinda aliiona siku ya kura, akairuka miaka 35. Huko ni kusoma ukurasa wa mwisho na kudai umemaliza kitabu. Mwaka 2022 Tulia Ackson, msomi wa sheria aliyekuwa Naibu Spika tangu 2015, alipochaguliwa kukikalia kiti hichohicho, neno "kapewa" likarudi tena bwenini.

Wagogo, wenyeji wa hapa, wana ngoma ya muheme, na wapigaji wake ni wanawake. Sijasikia mtu akiuliza nani kawapa ngoma hizo. Watu husikiliza mdundo, kisha ndipo wakahukumu. Nasi wahakiki tuanzie hapo.