Oili ya injini: jinsi ya kuipima na kuiongeza kabla siku ya sevisi haijafika

Katika vijiji vingi magari ni moja au mawili tu. Noah ile ile inayopeleka watu mnadani siku ya gulio ndiyo inayogongewa mlango saa nane usiku impeleke mjamzito hospitali ya wilaya. Gari kama hilo likifa injini, hasara haiishii kwa mwenye gari. Na injini inaweza kufa kwa sababu ndogo tu: oili ilipungua kidogo kidogo, na hapakuwa na mtu aliyefungua boneti kuitazama.

Wenye magari wengi husema, "Mimi nilimwaga oili mwezi juzi, nasubiri sevisi ijayo." Lakini kati ya sevisi moja na nyingine kuna maelfu ya kilomita za vumbi, milima na mizigo. Katika makala haya tunaeleza namna ya kupima oili mwenyewe, namna ya kuiongeza, na dalili zinazokutaka umwone fundi upesi.

Oili inafanya nini, na inakwenda wapi?

Ndani ya injini kuna vyuma vinavyozunguka na kusuguana maelfu ya mara kwa dakika. Oili hukaa katikati yao ili visigusane vikavu. Pia hupunguza joto, hubeba uchafu kuupeleka kwenye chujio, na husaidia ringi za pistoni kuzuia nguvu ya mlipuko isivuje.

Hata injini nzima hutumia oili kidogo, kwa sababu sehemu ndogo huungua pamoja na mafuta. Injini iliyochakaa hutumia zaidi. Nyingine huvuja kwenye gasketi, kwenye sili, au kwenye boliti ya chini ya kumwagia oili ambayo haikukazwa vizuri. Ndiyo maana gari lililotoka sevisi likiwa limejaa linaweza kuwa limepungukiwa kabla ya sevisi nyingine.

Upime mara ngapi?

Kwa gari la kawaida, mara moja kwa wiki inatosha, na kila unapotaka kwenda safari ndefu. Kwa gari la zamani, au linalobeba mizigo mizito kila siku, pima kila asubuhi kabla ya kuliwasha. Kazi hii haizidi dakika tano, na unachohitaji ni kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Hatua za kupima

1. Egesha gari mahali tambarare. Kama uwanja wa nyumbani kwako una mteremko, lipeleke kwenye sehemu iliyo sawa. Gari likiinama, kipimo nacho kitakudanganya.

2. Zima injini, usubiri dakika 10 hivi ili oili iliyo juu ishuke chini. Wakati mzuri zaidi kwa magari mengi ni asubuhi kabla ya kuwasha. Kama kitabu cha gari lako kinasema tofauti, fuata kitabu.

3. Fungua boneti, uitegemeze vizuri. Tafuta kijiti cha kupimia oili. Mara nyingi mkono wake ni wa njano au wa rangi ya chungwa. Angalia usichanganye: baadhi ya magari ya otomatiki yana kijiti cha pili cha oili ya gia. Kama huna uhakika, mwombe fundi akuonyeshe mara moja, ukikumbuke.

4. Vuta kijiti, ukipanguse chote kwa kitambaa. Usisome kabla ya kupangusa, kwa sababu oili huwa imerukia juu wakati gari linatembea.

5. Kirudishe hadi mwisho, kisha ukivute tena na kukitazama. Karibu na ncha kuna alama mbili: vitundu, mistari au herufi. Ya chini ni kiwango cha chini kabisa, ya juu ni kiwango cha kujaa. Oili ikiwa katikati ya alama hizo, uko salama. Ikiwa imekaribia alama ya chini au imeshuka chini yake, ongeza kabla ya kuondoka.

Tazama pia hali ya oili

Oili mpya huwa na rangi ya asali, nayo huwa nyeusi kadiri inavyofanya kazi. Kwenye injini ya dizeli inaweza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, na hilo si tatizo. Yapo mambo matatu ya kukutia wasiwasi:

• Oili inafanana na chai ya maziwa. Hiyo ni dalili kwamba maji yameingia, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi kuungua. Usiliendeshe gari hilo, mwite fundi.

• Oili inanuka petroli au dizeli na imekuwa nyepesi mno. Mafuta yanaingia mahali yasipopaswa kuingia, na oili hiyo hailindi tena vyuma.

• Ukiisugua kati ya vidole unahisi chengachenga, au unaona vinavyometameta. Huenda ni chembe za chuma kinacholika.

Kuongeza oili

Mfuniko wa kumiminia uko juu ya injini, na mara nyingi una alama inayofanana na birika linalodondosha tone. Pangusa vumbi pembeni mwake kabla ya kuufungua. Hili ni muhimu sana kwa barabara zetu, maana mchanga ukiingia ndani utasaga vyuma kama jiwe la kusagia.

Tumia faneli safi. Kama huna, kata sehemu ya juu ya chupa ya maji iliyo safi na kavu. Mimina kidogo, kama robo lita. Subiri dakika chache, kisha upime tena. Endelea hivyo hadi oili ikaribie alama ya juu, bila kuipita. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita 1, lakini usiimimine yote kwa mkupuo. Ukimaliza, funga mfuniko na urudishe kijiti hadi mwisho.

Wapo wanaoamini kwamba oili ikizidi ndiyo afya ya injini. Sivyo. Ikizidi sana, shafti inayozunguka chini huipigapiga mpaka itoe povu, na povu haliwezi kulinda vyuma. Oili pia inaweza kusukuma sili na kuanza kuvuja, au gari likatoa moshi. Kama umezidisha, mwombe fundi apunguze.

Oili ipi ya kununua?

Kwenye kopo kuna namba kama 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Namba ya kwanza, iliyo kabla ya W, inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. Namba ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikiwa ya moto. Ni kama uji: mwepesi mno hauna nguvu, na mzito mno haupiti kwa urahisi. Tumia namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, au ile aliyoweka fundi wakati wa sevisi. Mwambie akuandikie kwenye karatasi, uibandike ndani ya boneti.

Tazama pia herufi za ubora. Zikianza na S, kama SL au SN, ni kwa injini za petroli. Zikianza na C, kama CF-4 au CI-4, ni kwa dizeli. Makopo mengine yana zote mbili.

Ukikwama porini na huna aina ile ile, oili ya injini ya kampuni nyingine yenye namba sawa au inayokaribiana itakufikisha. Usithubutu kuweka mafuta ya kupikia, maji ya breki wala oili chafu iliyomwagwa kutoka gari jingine. Na unaponunua, hakikisha sili ya mfuniko haijaguswa, alama ya shirika la viwango ipo, na duka ni la mtu unayeweza kumrudia. Oili inayopimwa kwenye chupa za soda haina wa kuulizwa.

Taa nyekundu ya birika

Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa nyekundu yenye alama ya birika huwaka, kisha huzimika injini ikishawaka. Ikiwaka ukiwa njiani, simama mahali salama mara moja na uzime injini. Usiseme "nifike tu hapo mbele." Kwa magari mengi taa hiyo haikuambii kwamba oili imeanza kupungua, inakuambia msukumo wa oili umeshuka na vyuma vinaweza kuwa tayari vinasuguana vikavu. Dakika chache zinatosha kuua beringi na kunoki injini.

Pima oili. Ikiwa imepungua, ongeza, kisha washa utazame. Taa isipozimika, au oili ilikuwa imejaa tangu mwanzo, usiwashe tena. Vuta gari hadi kwa fundi. Kuvutwa na trekta ni aibu ya siku moja, ilhali injini nyingine inaweza kukugharimu ng'ombe kadhaa zizini.

Waendesha bodaboda na wenye mashine

Pikipiki nyingi za CC 100 hadi 150 hubeba takriban lita 1 tu ya oili, kwa hiyo ikipungua robo lita, hilo si jambo dogo. Isimamishe wima kwa stendi ya kati. Kwenye pikipiki nyingi kijiti kimeshikana na mfuniko: ukishakipangusa, kiingize bila kukifunga kwa kuzungusha, kisha ukitoe usome. Nyingine zina kioo kidogo ubavuni. Oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi, hivyo nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze.

Wenye mashine za kusaga, jenereta na pampu za maji, nanyi pimeni kila siku kabla ya kuwasha. Injini hizo hukaa zikinguruma kwa saa nyingi pasipo mtu wa kuzitazama.

Injini ikizidi kula oili

Andika tarehe, kilomita na kiasi unachoongeza. Baadhi ya watengenezaji husema hata lita 1 kwa kilomita 1,000 bado inakubalika, lakini kama gari lako halikuwa hivyo na sasa limekuwa hivyo, tafuta sababu. Laza kipande cha boksi chini ya injini usiku. Matone ya asubuhi yatakuonyesha panapovuja. Moshi wa bluu kwenye ekzosi ni dalili kwamba oili inaungua ndani. Kumbuka pia kwamba kuongeza si kubadilisha: oili ya zamani bado imo, na siku ya sevisi ikifika lazima imwagwe yote na chujio libadilishwe.

Kopo tupu na oili chafu usivitupe mtoni wala karibu na kisima, na usipake oili hiyo kwenye vidonda vya mifugo. Ina masizi na chembe za metali. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na watoto, uipeleke gereji wanakoikusanya. Osha mikono kwa sabuni.

Chagua siku moja ya wiki, iwe Jumapili asubuhi au siku ya gulio, iwe ndiyo siku ya kufungua boneti. Weka lita moja ya akiba nyuma ya kiti. Usiku utakapogongewa mlango, utawasha gari ukijua litafika.