Maneno Tangulizi ya Dai la Hataza katika Mahakama za Marekani, 1951–2002

Dai la hataza nchini Marekani huanza kwa maneno machache yanayotaja kitu kilichobuniwa au matumizi yake. Ndipo sehemu za ubunifu huorodheshwa. Je, maneno hayo ya mwanzo huweka mipaka ya haki, au ni jina tu? Jibu huamua nani amekiuka hataza na, wakati mwingine, iwapo hataza yenyewe itasimama.

Katika shauri la Kropa dhidi ya Robie (1951), dai lilitaja kwanza "kifaa cha kusugulia", kisha chembe ngumu na gundi ya kuzishikanisha. Mahakama ya Rufani ya Forodha na Hataza iliona kwamba si kila muungano wa chembe na gundi ni kifaa cha kusugulia. Pasipo maneno yale, msomaji asingejua kilichobuniwa ni nini. Maneno yakahesabiwa kuwa sehemu ya dai. Hoja hiyo ilitoka ndani ya dai lenyewe, na kwa maoni ya mtafiti hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Mwaka 1989, katika Corning Glass Works dhidi ya Sumitomo, shauri lililohusu nyuzi za kioo za kusafirishia mwanga wa mawasiliano, Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ilitoka nje ya dai. Ilisoma maelezo yote ya hataza, ikaamua kwamba maneno tangulizi hayakukusudia nyuzi za kioo za kila aina.

Hatua nzito zaidi ni ya Catalina dhidi ya Coolsavings.com (2002). Hataza ilihusu mashine za kutolea kuponi, na utangulizi wa dai la 1 ulitaja maeneo yaliyoteuliwa, kama vile maduka. Mshtakiwa alitoa kuponi kupitia intaneti, mteja akiwa nyumbani. Mahakama ilikataa kuyafanya maneno hayo kuwa mpaka: mwombaji hakuyategemea mbele ya Ofisi ya Hataza ili kuutofautisha ubunifu wake na ule uliotangulia. Kumbe mshindani anayelisoma dai kwa uangalifu, akaamini kuwa duka ni sharti, hana kinga mpaka apekue jalada la maombi. Katika hataza hiyohiyo, maneno yaleyale yaliweka mpaka kwenye dai la 25, kwa kuwa humo yalirudiwa pia katika kiini cha dai.