Bahari yenye mbolea lakini isiyoota: siri ya Pasifiki ya kaskazini

Fitoplanktoni ni mimea midogo sana yenye kuelea ndani ya maji. Jicho peke yake haliwezi kuuona mmoja mmoja, lakini ikiwa mingi, maji yanageuka rangi ya kijani. Wadudu wadogo wa majini wanaila, samaki wanakula wadudu, na mwisho ni sahani ya mtu. Karibu nusu ya kazi ambayo mimea yote ya dunia inafanya ya kutengeneza chakula kwa mwangaza wa jua inafanyika majini, na mimea hii.

Juu mwangaza, chini mbolea

Mimea hii inahitaji vitu viwili visivyokaa pamoja. Mwangaza uko juu. Mbolea, yaani azoti, fosfori na silisi, ni nyingi chini, juu vyote vinavyokufa vinazama na kuozea kule.

Katika bahari za kaskazini, karibu na Norway, Iceland ao Alaska, ni majira ya baridi yanayopatanisha hivyo viwili. Upepo ni mkali, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito na kuzama. Ya chini yanapanda pamoja na mbolea. Lakini wakati huo mimea nayo inavutwa chini gizani. Jua likirudi, maji ya juu yanapata joto na kuwa mepesi, mimea inabaki kwenye mwangaza na mbolea iko tayari. Katika Atlantiki ya kaskazini, bahari inageuka kijani. Harald Sverdrup, mwanasayansi wa Norway, alieleza jambo hili mwaka 1953. Mpaka leo wataalamu wanajadiliana ni kwa kiasi gani wadudu wanaokula mimea nao wanaongoza msimu huo.

Kwa nini Pasifiki ni tofauti?

Katika ghuba ya Alaska, maji ya juu yana chumvi kidogo, kwa hiyo ni mepesi na yanakaa kama kifuniko. Wakati wa baridi yanachanganyika mpaka metre 100 hivi tu. Hata hivyo azoti inafika. Cha kushangaza ni kwamba wakati wa joto azoti ingali inabaki, na maji hayageuki kijani sana.

Mwaka 1988, John Martin wa California alionyesha kwamba kinachokosa ni chuma. Mimea inahitaji chuma kidogo mno, lakini bila hicho haiwezi kutumia azoti. Ni kama nyumba yenye unga na maji, lakini makala imeisha: bugali haitapikwa. Chuma kingi kinatoka inchi kavu, na katikati ya bahari ni mbali.

Mwaka 2002, watafiti wa Canada na Japani walimwaga chuma kwenye sehemu ndogo ya bahari ile. Mimea iliongezeka mpaka satelite ikaiona, kisha ikapungua wakati chuma na silisi vilipokwisha. Mwezi wa nane 2008, volkano Kasatochi ya Alaska ililipuka. Majivu yake, yenye chuma ndani, yalianguka baharini na eneo kubwa likawa kijani. Wakaaji wa karibu na Nyiragongo wanajua majivu yanavyosafiri na upepo.

Maji yakikosa kuchanganyika

Toka mwisho wa 2013 mpaka 2016, maji ya joto yalitanda katika Pasifiki ya kaskazini-mashariki. Kifuniko kilikuwa kigumu zaidi, mbolea ikapanda kidogo, na chakula cha samaki kikaharibika. Joto lenyewe pia liliwaumiza samaki. Samaki aina ya cod walipungua sana, na mwaka 2020 uvuvi wao ulifungwa katika maji ya serikali kuu ya Marekani kwenye ghuba ya Alaska.

Sheria hiyo ya maji haiko ya bahari peke yake. Katika ziwa Tanganyika, upepo wa kusini wa kiangazi unasukuma maji ya juu, na ya chini yenye mbolea yanapanda. Watafiti walioandika mwaka 2003 walikadiria kwamba joto na upepo kupungua vimeshusha ukuaji wa mimea ya ziwa kwa asilimia 20 hivi, na samaki labda kwa asilimia 30. Kwa hiyo wavuvi wa Uvira, Baraka na Kalemie wakiuliza ndagala wamekwenda wapi, nyavu nyingi ni sehemu moja tu ya jibu. Sehemu ingine iko ndani ya maji yenyewe.