Karatasi za Nateete na Mashine za Leo

Mjadala kuhusu akili mnemba madarasani huendeshwa Kampala kana kwamba mji huu haujawahi kupokea zana ngeni ya kusomea. Upande mmoja unalalamika kuwa insha za vidato vya chini zinakuja zimenyooka kupita umri wa mtoto wa miaka 13. Upande wa pili unaahidi kwamba kila mwanafunzi atapata mwalimu wake ndani ya simu. Wote wameikazia macho mashine. Historia ya vilima hivi inatutaka tuangalie kwingine. Katika kizazi kimoja, kati ya miaka ya 1870 na mwanzo wa karne ya 20, maandishi yaliyokuwa ya watu wachache ikuluni yaligeuka kuwa mali ya maelfu ya Baganda, na badiliko hilo halikuletwa na mtambo wa kuchapa peke yake. Lililetwa na watu waliojipanga kuuzunguka mtambo huo: msomaji alimfundisha mwenzake, wenyeji walikuwa na sauti katika lugha ya vitabu, na aliyejua kusoma alijua pia kwamba ataandika. Nadai kwamba mambo hayo matatu ndiyo ya kuipimia akili mnemba leo, na kwamba kila yalipolegea, hata zana nzuri haikuzaa msomaji.

Maandishi hayakuingia Buganda, ufalme unaoizunguka Kampala, kwa mara ya kwanza mikononi mwa Wazungu. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika miaka ya 1840, enzi za mfalme, Kabaka Suuna II, na pamoja nao ikaja Qur'ani. Mwanawe, Mutesa I, alijifunza Kiarabu na Kiswahili. Msafiri Mzungu Stanley alipopita mwaka 1875, alimwacha ikuluni Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, awe msomaji na mwandishi wa Kabaka. Alexander Mackay wa shirika la Kianglikana la Church Missionary Society alifika Novemba 1878 akiwa na mtambo mdogo wa kuchapia, na huko Nateete ukaanza kutoa karatasi za kusomea. Mapadri Wakatoliki wa White Fathers walifika mapema mwaka uliofuata, na ushindani wa kupata wanafunzi ukaanza. Masomo ya mwanzo yalikuwa kwa Kiswahili, kwa kuwa tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar ndizo zilizokuwa tayari. Hivyo Mganda wa kwanza kuketi mbele ya karatasi hizo alijifunza herufi na lugha ya pwani kwa pamoja.

Mtambo mmoja na wageni wachache wasingeweza kuisomesha nchi. Waliofanya kazi hiyo ni vijana wa ikuluni, waliofundishana herufi katika nafasi walizopata. Sembera, ambaye baadaye alibatizwa kwa jina la Mackay, aliandika mwenyewe barua ya kuomba ubatizo mwaka 1881, akitumia ncha ya jani la nyasi mahali pa kalamu. Kisha ukaja mtihani ambao hakuna aliyeupanga. Kuanzia 1885 Kabaka Mwanga aliwaua wasomaji wengi, na tarehe 3 Juni 1886 kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo. Mackay alilazimika kuondoka mwaka 1887, na mwaka uliofuata wamisionari wote wakafukuzwa. Wasomaji wengi walikimbilia ufalme jirani wa Ankole. Kama kusoma kungetegemea mtambo na mwenye mtambo, kungekoma hapo. Wakimbizi walirudi na kushika madaraka, na Wazungu waliporejea waliikuta jumuiya ya wasomaji iliyojiongoza yenyewe. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba nguvu ya zana imo katika uhusiano wa watu wanaoitumia.

Jambo la pili, lugha, lilifuata njia hiyo hiyo. George Pilkington, aliyefika mwishoni mwa 1890, husifiwa kwa Biblia ya Luganda iliyokamilika mwaka 1896, lakini kazi hiyo isingewezekana bila Henry Wright Duta Kitakule, Mganda aliyeijua lugha yake kwa undani na aliyeifanya tafsiri hiyo pamoja naye. Hata umbo la kitabu lilifuata maisha ya msomaji: toleo moja lilikatwa dogo na nene ili liingie katika kopo la biskuti, mchwa na wadudu wengine wasilifikie. Walimu wenyeji ndio waliokibeba. Apolo Kivebulaya alivuka milima mwaka 1896 akaenda kufundisha Mboga, mahali ambapo leo ni mashariki ya Kongo.

Jambo la tatu ndilo linalosahaulika kirahisi. Wasomaji hawa waliandika, tena mapema. Apolo Kaggwa, katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, alitoa historia ya wafalme wa nchi yake mwaka 1901. Ham Mukasa aliandika kwa Luganda habari za safari yake na Kaggwa kwenda Uingereza mwaka 1902, kwenye sherehe za kutawazwa kwa Edward VII, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1904. Gazeti la Ebifa mu Buganda lilianza 1907, na Munno la Wakatoliki likafuata 1911. Kutoka karatasi za kwanza za Nateete hadi waandishi wa historia ni kama miaka ishirini tu. Watu walioshika vitabu vya wengine waligeuka haraka kuwa watunzi wa vyao, kwa kuwa walikuwa na jambo la kusema na wasomaji wa kuwaambia.

Mtu anaweza kupinga kwamba ninaipamba historia ya dini na mamlaka. Kanisa la Kianglikana lilidai kwa kawaida kwamba anayeomba ubatizo ajue kusoma, na baada ya Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda uchifu uliwaendea zaidi wale walioshikamana na vitabu. Watu walisoma kwa kutafuta wokovu na cheo, wala si kwa mapenzi ya fasihi. Pingamizi hilo ni la kweli, na linaipa nguvu hoja yangu. Kusoma kulishamiri kwa sababu kulikuwa na kazi nje ya somo lenyewe. Tunapaswa kujiuliza ni kazi gani tunayompa leo mtoto wa kidato cha kwanza anayeandika aya tatu. Kama msomaji wake pekee ni mtahini, hatuna haki ya kushangaa anapoiachia mashine.

Kwa kweli hali hiyo ilianza zamani, kabla ya mashine. Shule kubwa za bweni zilizojengwa kuzunguka Kampala mwanzoni mwa karne ya 20, Namilyango mwaka 1902, Gayaza 1905 na Budo 1906, zilifungua milango mingi, lakini Kiingereza na cheti vikawa ndio mlango mkuu. Luganda yenyewe ilikaa miongo mingi na tahajia mbili, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, hadi zilipounganishwa mwaka 1947. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Tathmini za shirika la Uwezo zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu ya msingi hushindwa kusoma hadithi ya darasa la pili. Kisha shule zikafungwa kutoka Machi 2020 hadi Januari 2022, muda ambao nchi nyingi hazikuufikia. Katika miongo yote hiyo mtoto alizoeshwa kukariri insha ya mfano na majibu ya mitihani iliyopita. Vitini vilikuwa tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma sentensi ya mtoto na kumuuliza alikusudia nini.

Katika hali hiyo ndipo akili mnemba imeingia, na upande mmoja wa kuingia kwake unastahili sifa. Maabara ya Akili Mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere na shirika la Sunbird AI la Kampala zimekusanya sentensi 25,000 kwa Kiingereza, Luganda, Runyankole, Acholi, Lugbara na Ateso, ili mashine zijifunze lugha za Uganda kutoka kwa wenyeji wenyewe. Google nayo iliongeza Luganda katika huduma yake ya tafsiri mwaka 2022. Hii ni kazi ya Duta katika karne nyingine. Mwalimu akiweza kupata hadithi moja kwa Luganda na kwa Kiingereza chepesi, kisha kwa Kiingereza cha kidato cha pili, atamvusha mtoto ule mto wa darasa la nne ambapo lugha ya kufundishia hubadilika kuwa Kiingereza na wengi huzama.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mlinganisho wangu una kasoro: mtambo wa Mackay ulizidisha maneno ya watu, ilhali mashine ya leo hutunga yenyewe. Nakubali, na ndiyo maana sharti la tatu lazima liwe kali kuliko zamani. Rasimu ya kwanza iwe ya mtoto, kwa kalamu, darasani. Baada ya hapo mashine inaweza kumwonyesha sentensi isiyoeleweka na kumuuliza maswali, na yeye ndiye aandike upya. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unatoa nafasi, kwa sababu kazi za mwaka mzima na miradi huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Mwanafunzi anayehoji wauzaji wa soko la Nakasero na kuandika habari zao kwa ajili ya gazeti la shule ana jambo ambalo hakuna mashine inayolijua. Naye anayesema kwamba walimu ni wachache mno kwa kazi hiyo anasema kweli, ila jibu si kumweka mwalimu pembeni. Mashine ichambue makosa yanayojirudia katika madaftari 80, ili mwalimu apate saa ya kuketi na wanafunzi watano wanaokwama, na wale waliokwisha kuelewa wawasomeshe wenzao.

Kwa hiyo wizara, wakuu wa shule na wazazi wanapoletewa programu mpya, waulize maswali matatu kabla ya kuuliza bei. Je, inawaongezea watoto watu wa kusoma nao, au inawatenga? Je, lugha zao zimo ndani yake kwa mikono ya wenyewe? Na je, mwisho wa muhula mtoto ataweza kuandika peke yake jambo ambalo mwanzoni hakuweza? Programu inayoshindwa swali la tatu haifai kununuliwa, hata ikitolewa bure. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walionyesha kwamba umaskini wa vifaa hauzuii taifa kuandika. Sisi tulio na vifaa vingi kuliko wao tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba wingi huo hautuzuii.