Pwani si Kenya? Yaliyomo na yasiyokuwemo katika mkataba wa 1963

Baraza za Tudor hazikosi mada mbili, mpira wa Uingereza na "Pwani si Kenya". Ya kwanza humalizika firimbi ikilia. Ya pili haina mwisho. Utamsikia mmoja akisema, kwa yakini ya mtu aliyeishika karatasi mkononi, kwamba Pwani ilikodishwa kwa Kenya miaka hamsini tu, na muda wenyewe ulikwisha Disemba 2013. Mwingine atamjibu kwamba hata tukipewa nchi kesho, watakaoikalia ni hawa hawa walioshindwa kutuletea maji. Hapo kahawa hupoa na watu hupandisha sauti.

Tatizo ni kwamba hawa wawili hawajibizani. Mmoja anauliza Pwani ni ya nani kwa mujibu wa maandishi. Wa pili anauliza tuliowachagua wenyewe wametufanyia nini. Ni maswali mawili, na kila yanapochanganywa hupata faida mwanasiasa.

Maili kumi zilitoka wapi

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana bara ya Afrika Mashariki, walimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kutoka baharini. Kwa upande wetu ukanda huo ulitoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash aliikabidhi kampuni ya William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, kazi ya kuutawala kwa niaba yake. Kampuni ilishindwa na mzigo, na tarehe 14 Disemba 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ikafunga mkataba na Sultani Hamad bin Thuwaini. Waingereza wangeendesha utawala, Sultani angebaki mwenye nchi, na angelipwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka.

Ndiyo maana 1920 bara ilipofanywa koloni, Pwani haikufanywa. Jina rasmi likawa Koloni na Himaya ya Kenya, na himaya ndiyo sisi. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus, na chini yake kulikuwa na liwali, mudiri na kadhi. Kwa hivyo anayesema Pwani ilikuwa na hadhi yake mbali na bara hasemi uongo. Lakini angalia nani alimlipa nani. Kodi ilitoka kwa Mwingereza kwenda kwa Sultani. Kenya haikukodisha kitu kwa mtu wa Mombasa, wala mtu wa Mombasa hakuulizwa.

Mwambao na majimbo

Uhuru ulipokaribia, mwisho wa miaka ya 1950, kukazuka hoja ya Mwambao. Waliouongoza, akiwemo Sheikh Abdillahi Nassir aliyekuja kujulikana zaidi kama mwanachuoni, walitaka ukanda ujitawale au urudi chini ya Zanzibar, kuliko kumezwa na bara. Waingereza walimtuma Sir James Robertson, naye pia Mskoti, aliyekuwa ametoka kuwa gavana mkuu wa Nigeria. Ripoti yake ya 1961 ilishauri ukanda uunganishwe na Kenya, ila Waislamu wa Pwani wapewe dhamana. Machi 1962 ukaitishwa mkutano wa London juu ya ukanda huo.

Kuna jambo ambalo baraza zetu za mjini hupenda kuliruka. Mwambao haukuwa wa Wapwani wote. Ronald Ngala, Mgiriama na kiongozi wa KADU, aliupinga; yeye alitaka majimbo, yaani Pwani ndani ya Kenya lakini yenye serikali yake. Alikuwa na sababu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi ya ukanda aje na madai yake yaandikwe. Waliojua karatasi na ofisi waliandikisha. Mmijikenda aliyelima shamba la babu yake bila hati alijikuta maskwota, ama juu ya ardhi ya mtu, ama juu ya ardhi ya Taji la Uingereza. Mtu kama huyo hakuwa na la kumfanya aililie bendera nyekundu. Na anayezungumzia Pwani huru leo bila kumweka Mmijikenda wa Ganze au Kinango mbele, anarudia kosa la 1961.

Karatasi yenyewe

Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walibadilishana barua. Tarehe 8 Oktoba mkataba ukatiwa sahihi London baina ya Uingereza, Sultani, Kenya na Zanzibar. Unasema kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, mkataba wa 1895 utakuwa umekwisha na ukanda utaacha kuwa miliki ya Sultani na utakuwa sehemu ya Kenya. Siku hiyo ilikuwa 12 Disemba 1963.

Miaka hamsini haimo, wala neno kukodisha. Ukanda ulitolewa moja kwa moja. Uvumi wa miaka hamsini umewaponza vijana wengi. Wako waliosubiri Disemba 2013 kama anayesubiri mwezi wa Idi, na siku ikapita kama siku nyingine.

Kilichomo ni kile tusichokitaja barazani. Katika barua zile Kenya iliahidi uhuru wa kuabudu, na kwamba mahakama za kadhi zitabaki na kazi zake. Kwenye maeneo yenye Waislamu wengi, maafisa wa utawala wangekuwa Waislamu kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu wangefunzwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana. Na hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa Pwani zingeheshimiwa.

Zisome tena uone ipi imeshikwa. Kadhi yupo, na Katiba ya 2010 imemtaja katika kifungu cha 170. Hati zimeheshimiwa mno, nazo ndizo zilizomwacha maskwota alipokuwa. Hizo mbili zilizofungwa kwa "kadiri itakavyowezekana" zilikufa kimya kimya. Hata MIOME, chuo kilichojengwa hapa Tudor kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kiligeuzwa katika miaka ya 1960 kuwa chuo cha ufundi cha wote, na sasa ni TUM. Wako wanaolihesabu hilo kuwa ni dhulma. Mimi siko nao hapo, maana waliofaidi ni watoto wetu pia. Lakini naelewa inakotoka hisia hiyo.

Majimbo nayo hayakudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, na serikali za majimbo zikafutwa. Ardhi ya Taji ikawa ardhi ya serikali, na viwanja vya ufuoni vikaanza kugawiwa kutoka Nairobi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 zimeandika mengi juu ya ugawaji huo.

Ukimya ulivunjika kwa damu Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na watu wengi wa bara wakafukuzwa au kuuawa. Halafu ikaja MRC na kaulimbiu iliyoenea kuliko chama chenyewe. Serikali iliipiga marufuku Oktoba 2010 pamoja na makundi mengine zaidi ya thelathini. Tarehe 25 Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaifuta marufuku hiyo kwa kuwa ilikiuka katiba. Kufuta marufuku si kukubali hoja ya kujitenga, ingawa siku ile mitaani yalichukuliwa kama kitu kimoja.

Leo sheria iko hivi. Katiba haina mlango wa kaunti kujitoa. Kifungu cha 255 kinataka badiliko lolote linalogusa eneo la Kenya lipitie kura ya maoni ya nchi nzima. Hata Wapwani wote wakiafikiana, Pwani haiwezi kujipigia kura peke yake.

Scotland walivyoyatenganisha

Kwa Mackinnon na Robertson wenyewe, mambo yamekwenda njia nyingine. Scotland iliungana na Uingereza mwaka 1707 na ikapata bunge lake 1999. Tangu 2007 inatawalwa na SNP, chama kinachotaka nchi ijitenge. Tarehe 18 Septemba 2014 waliulizwa swali moja wao peke yao, hata vijana wa miaka 16. Asilimia 55 walikataa, 45 wakakubali, na karibu asilimia 85 ya wapiga kura walijitokeza. SNP ilipotaka kura ya pili, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema Novemba 2022 kwamba bunge la Scotland haliwezi kuiitisha bila idhini ya London.

Lakini kinachotuhusu zaidi ni feri. Mwaka 2015 serikali hiyo iliagiza feri mbili za visiwani kwa pauni milioni 97, zifike 2018. Karakana ilikwama, serikali ikalazimika kuinunua 2019, gharama zikapanda zaidi ya mara tatu, na feri ya kwanza ikaanza kubeba abiria Januari 2025. Anayevuka Likoni kila siku hahitaji kueleweshwa uchungu wa wale watu wa visiwani. Hata Humza Yousaf, Mwislamu wa kwanza kuiongoza serikali ile, ambaye mama yake alizaliwa Kenya, alidumu mwaka mmoja na kidogo. Uchaguzi wa Julai 2024 uliishusha SNP kutoka viti 48 vya bunge la London hadi 9.

Hata hivyo, katika kura za maoni wanaotaka kujitenga walibaki karibu nusu ya nchi, kama zamani. Wamekiadhibu chama kwa feri, hospitali na shule, bila kuitupa hoja. Sisi hufanya kinyume: hoja ikipigwa kelele, tunamsamehe aliyetukosesha maji.

Chukua Novemba 2017. Baada ya uchaguzi uliozozaniwa, magavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi walitangaza kwamba wataitafutia Pwani njia ya kujitenga kwa amani na kwa sheria. Machi 2018 Raila Odinga na Uhuru Kenyatta wakapeana mkono, na habari ile hatukuisikia tena. Kingi ni spika wa Seneti tangu 2022, na Joho aliingia baraza la mawaziri Agosti 2024. Mtu kubadili rai si dhambi. Lakini maelezo ya kwa nini alibadili, waliomshangilia wanayadai bado.

Basi kaunti zimetupa nini

Kwa haki, tuwadai kwa kilicho mikononi mwao. Ardhi haimo. Hati miliki hutolewa na serikali ya kitaifa. Gavana anayeahidi hati anaahidi cha mwenzake. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, lilinunuliwa na serikali kuu, na hati zilipogawiwa Januari 2016 wakazi waliambiwa walipe shilingi 182,000 kila mmoja. Bandari haimo. Agizo la 2019 la kulazimisha makontena yapande reli ya SGR hadi Nairobi lilitoka kwa mashirika ya serikali kuu, likafunga maegesho ya malori na biashara za watu, na lililolibatilisha ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Mombasa ya Novemba 2020. Feri ni kitendawili: Jedwali la Nne la katiba linataja feri katika kazi za kaunti, na Likoni bado ni ya serikali kuu.

Hospitali imo. Hospitali ya Makadara, Coast General, iko chini ya Kaunti ya Mombasa lakini hupokea wagonjwa wa kaunti zote sita. Nyumba za kaunti zimo. Buxton ya zamani imebomolewa na maghorofa kujengwa, wapangaji walikwenda mahakamani, na Tudor iko katika orodha ile ile ya mitaa ya kujengwa upya. Mpangaji wa hapa ana haki ya kuuliza atarudi kwa bei gani kabla ya tingatinga kufika.

Na maji yamo, nayo ndiyo yanayofunga mjadala wote. Mji huu unakunywa maji ya Mzima kutoka Taita-Taveta, ya Marere na Tiwi kutoka Kwale, na ya Baricho kutoka Kilifi. Mzima iko mbali kabisa nje ya zile maili kumi. Ukanda wa Sultani ukiwa nchi leo, mfereji wetu mkuu utaanzia nchi ya jirani. Hata tukiacha habari ya nchi, kaunti hizo zinadai zilipwe kwa maji yao, na Jumuiya ya Kaunti za Pwani ingekuwa ndipo mahali pa kuyamaliza hayo. Wakati huo huo, Tudor mkokoteni wa mitungi unapita kila asubuhi, na mwenye kisima cha chumvi ni mtu wa kuheshimiwa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti sharti yafikishwe bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kila mwaka, na umma uitwe kuyatolea maoni. Fungu la maji lina ukurasa wake humo, na mkazi yeyote anaweza kuuomba.